Mjomba wangu alivyofeli kipimo cha masikio kwa sababu ya adabu zake

Hodi jamvini, wakuu.

Wakubwa zangu shikamooni. Wadogo zangu marahaba, hata ambao hamjaniamkia, najua mlikuwa mbioni.

Hii si hadithi ya kuambiwa. Nilikuwepo, mlangoni kabisa, na macho yangu mawili. Penye uhakika nitasema nina uhakika, penye shaka nitasema pana shaka. Shule yangu ni darasa la saba, na hilo la saba lenyewe nilifika nimeshaota ndevu. Nimekuwaga na tabia ya kuandika kumbukumbu zangu tangu ujana, ila msije mkaniita mwanahistoria. Nikisoma nilichoandika mwenyewe nabishana nacho.

Kilichonifanya nilete huu uzi ni kwamba wiki iliyopita binti yangu alinitoa hapa Bunju akanipeleka kupima masikio. Anasema televisheni ya nyumbani kwangu inasikika hadi kituo cha daladala. Sikatai, ingawa kituo chenyewe si mbali.

Huko kwenye kipimo nikamuaibisha. Mpaka leo ananisemesha kwa kukata kata. Kosa langu nitalisema mwishoni, kwa sababu bila kumjua mjomba wangu mtaniona mzee niliyepoteza network.

Twende.

Ilikuwa enzi za Ujamaa, miaka ya sabini, ile ya unga wa njano na foleni ya sukari. Mie kijana, nakaa Temeke kwa mjomba wangu Bakari, tunatoka Newala. Sote wawili tulikuwa kwenye kiwanda kimoja cha nguo. Jina la kiwanda naliacha, kilishakufa na marehemu hasemwi.

Mjomba alikuwa fundi wa mashine za kufumia. Mie nilikuwa mfagiaji wa vumbi la pamba. Ukiniuliza cheo nilikuwa nasema "idara ya usafi".

Kwa ambao hamjaingia chumba cha kufumia: chukua mvua ya mawe kwenye bati, iweke ndani ya debe, halafu wewe uingie humo debeni ukae mpaka zamu iishe. Watu walikuwa wanaongea kwa mikono. Wengi walitoka mle baada ya miaka wakiwa viziwi na hawajui, wanadhani wenzao ndo wameanza kunong'ona.

Sasa siku moja toroli la marobota likampitia mtu mguuni. Kengele ililia, hakusikia. Mguu ulipona, namshukuru Mungu, lakini uongozi ukaamua: kila wa chumba cha kufumia apimwe masikio, asiyesikia maneno aondolewe, apumzishwe.

Neno "kupumzishwa" lilikuwa tamu sana masikioni. Maana yake ni kwamba huna kazi. Na mjini enzi zile mtu asiye na kazi hakuachwa apumzike. Aliulizwa barabarani anafanya nini mjini, akijikanyaga anapandishwa gari kwenda kijijini kuzalisha mali. Kulima si aibu, mjomba mwenyewe alilima kabla hajajua mashine. Ila alikuwa na kiuno kibovu, mke, na watoto watatu wanaosoma pale pale Temeke. Alisema, "Jembe nalijua, na lenyewe linanijua. Tuliachana vizuri. Tusirudiane."

Kwa hiyo mkae mkijua: kipimo hiki kilikuwa ni ugali wa nyumba nzima, na wangu ukiwemo.

Mie mwenyewe sikuwa na wasiwasi hata kidogo. Mjomba alikuwa anasikia mpaka kero. Ukifunua sufuria jikoni, yeye yuko barazani na redio yake, unasikia, "Weka mfuniko, bado mke wangu hajaonja." Kazini alikuwa anajua uzi umekatika mashine ya ngapi kabla mwenye mashine hajageuka. Fundi yule aliponea wapi na yale makelele, sijui. Labda ni kwa kuwa alikuwa anaziba masikio kwa pamba, na kiwanda kizima tulikuwa tunamcheka kwamba anajifanya maiti.

Basi, akaja Sista Anjelina, nesi kutoka hospitali. Binti wa Kichaga, mdogo, nadhani alikuwa amenizidi miaka miwili mitatu tu. Mpole, ana sauti ya kanisani. Mashine ya kupimia alikuja nayo, lakini ilikuwa inasubiri kipuri, na kipuri kilikuwa kinasubiri meli, na meli nadhani ilikuwa inasubiri kuzaliwa.

Ikabidi apime kwa mdomo. Anakukalisha kwenye benchi, anasimama umbali fulani, anaziba midomo kwa kipande cha kadibodi ili usimsome, anasema neno kwa sauti ya chini, wewe unarudia. Neno kwa neno. Yalikuwa maneno hamsini.

Mie nikawekwa mlangoni kuita majina. Kupanda cheo kulikuwa rahisi hivyo.

Sasa hayo hamsini, wakuu, niwe mkweli, yalikuwa mateso. Mtu mmoja anakula asubuhi nzima. Wakifika katikati wanapiga miayo, mmoja alisinzia na kuanza kukoroma, Sista akawa hajui aandike nini. Yeye mwenyewe siku ya tatu sauti ikamkauka akawa anamung'unya tangawizi mdomoni. Na nje foleni haipungui.

Ndipo akatokea Ndugu Afisa Utumishi na akili kubwa. Akasema, "Tufupishe."

Hapa naomba nipumzike kidogo nicheke.

Nyie vijana hamkuziona zile enzi. Hotuba ya mkuu wa chochote ilianza jua likiwa utosini na kumalizika ng'ombe wakirudi zizini. Foleni ya sukari ulikuwa unaweza kuingia bachela ukatoka na mchumba. Kikao cha kujadili lini tukae kikao kilikuwa na vikao vyake. Hakuna kilichofupishwa katika nchi nzima. Halafu siku taifa limeamua kuokoa muda, likaanzia kwenye sikio la mjomba wangu.

Lakini haki ni haki. Afisa hakuwa mtu mbaya. Aliwahi kuwa mfumaji kabla ya kupanda ofisini, alikuwa anamletea Sista chai kwa mkono wake, na hoja yake ilikuwa na miguu: mtu aliyechoka hapimwi masikio, anapimwa subira. Sista naye akakubali. Akachagua maneno kumi katika yale hamsini.

Nikamsikia anamweleza Afisa, "Nimechukua yale mepesi kabisa, ambayo hata aliyeingia mjini jana anayajua. Nisije nikamfelisha mtu kwa ugeni."

Nia njema jamani. Nimeishi miaka mingi na bado sijaona kitu kinachoumiza watu kwa utaratibu kama nia njema.

Maneno yenyewe haya hapa: maji, jembe, hodi, kuni, shikamoo, ndizi, pole, uhuru, chumvi, kanga.

Ukikosa mawili tu uko salama. Ukizidisha hapo, unapumzishwa.

Kazi ikaenda mbio ajabu. Afisa anasimama pembeni na saa yake, anatabasamu. Mtu anaingia, maji jembe hodi, anatoka. Na anayetoka anaulizwa na foleni, "Wamekuuliza nini?" Anawatajia yote kumi kwa mpangilio, maana kumi nani hayashiki? Kufika mchana maneno yale yalikuwa yanaimbwa uani, kuna kina dada walishayatia na makofi.

Akaingia mtu anaitwa Mkude.

Mkude tulikuwa tunamjua wote. Huyu bwana ukitaka kumwita unamrushia kokoto. Alikuwa kiziwi kama kinu, na mtu mwema sana, na ana watoto wengi kuliko mjomba. Akakaa benchini, macho kwenye ile kadibodi. Kila Sista akisema neno, kadibodi inatikisika kidogo. Ikitikisika, Mkude anasema linalofuata.

"Maji! Jembe! Hodi! Kuni!" Anayatoa kwa sauti ya mtu anayeita mbuzi.

Kumi kwa kumi. Afisa akamshika mkono, akampigia kelele, "Hongera, Ndugu Mkude, una masikio ya paa wa porini!"

Mkude akajibu, "Hapana, chai nimeshakunywa asubuhi."

Hakuna aliyecheka. Nadhani hakuna aliyetaka kujua.

Kisha nikaita, "Bakari!" Kumwita mjomba wako kwa jina kavu mbele za watu, jaribuni muone ulimi unavyokuwa mzito.

Mjomba aliingia amevaa kofia yake ya vito na shati la Ijumaa. Sista akamwambia kama anavyowaambia wote: atarudia kila neno atakalosikia. Mjomba akatikisa kichwa kwamba ameelewa.

"Maji."

"Maji."

"Jembe."

"Jembe," kwa sauti ya mtu anayemtaja mkwe wasiyeelewana naye.

"Hodi."

"Karibu, mwanangu. Pita." Na akasogea kwenye benchi, akaacha nafasi.

Sista akasita. Akageukia upande wa Afisa. Afisa akasema, "Hajarudia. Kosa."

"Kuni."

"Kuni."

"Shikamoo."

"Marahaba, mama. Hujambo? Wazee hawajambo huko Moshi?"

"Kosa," akasema Afisa.

"Ndizi."

"Ndizi."

"Pole."

"Nishapoa, ahsante sana."

"Kosa."

"Uhuru."

Mjomba akanyanyuka, akakunja ngumi juu. "Na kazi!"

Hata mie mlangoni mkono wangu ulishafika kifuani wenyewe. Ndivyo tulivyozoeshwa kuitikia.

"Kosa," akasema Afisa, lakini nilimwona na wake ulitikisika.

Chumvi na kanga alizipata. Sita kwa kumi. Mtu anayesikia mfuniko wa sufuria akaandikwa hasikii, na Mkude wa kokoto akaandikwa paa.

Oneni hapo wakuu. Yale maneno manne yalikuwemo hata kwenye hamsini. Kwenye hamsini yangekuwa tone baharini, mzee anakosa manne anapata arobaini na sita, anarudi kazini na heshima zake. Kwenye kumi, manne ni karibu nusu ya mtu. Hii hesabu nilikuja kuiona baadaye sana. Siku ile nilichojua ni kwamba tumekwisha.

Jioni nyumbani kukawa na msiba usio na maiti. Mke wa mjomba, Bi Zuhura, ambaye kwa mila zetu mie namtaniaga namwita mke wangu, alisikiliza mpaka mwisho halafu akaweka mwiko chini.

"Yaani nesi kasema 'kuni' ukasema 'kuni'?"

"Ndiyo," mjomba akajibu.

"Mie nasema kuni tangu juzi, hujasikia. Kweli hawa watu wamekosea, hukustahili hata hizo sita."

Nikacheka peke yangu. Mjomba aliniangalia nikaacha.

Nikamwuliza kwa adabu, "Mjomba, si walisema urudie?"

"Nilisikia."

"Sasa kwa nini hukurudia?"

Akaweka kikombe chini. "Wewe mtoto una akili? Binti wa umri ule aniamkie, na mie nimwamkie? Nimwambie shikamoo mtoto ninayeweza kumzaa? Mtu kapiga hodi, nami nipige hodi, tubaki wote nje, nani afungue mlango? Anipe pole, nimpe pole, kwani yeye kafiwa na nani? Na huo uhuru..." Akashusha sauti. "Mie ni mjumbe wa nyumba kumi. Niseme 'uhuru' niuache unaning'inia, kesho mtu aseme mjumbe Bakari kakataa kazi?"

Mpaka leo nikiyapanga yale maneno yake sioni pa kutoboa.

"Lakini utafukuzwa," nikasema.

"Basi nifukuzwe nikiwa na adabu."

Bi Zuhura akasema, "Adabu tutaipika na nini?"

Kesho yake nikamwona mjomba anaitazama ile kofia ya vito kama mtu anayeaga.

Mie nikamfuata Sista Anjelina. Sikwenda kwa ujasiri, msinipe sifa. Nilizunguka kile chumba cha mbao alichokuwa anapimia mara kadhaa mpaka mwenyewe akatoka akaniuliza kama nimepoteza kitu. Nikamweleza kwamba mjomba wangu anasikia, ila amelelewa.

Akakaa kwenye ngazi. Akasema, "Najua. Nililala vibaya. Lakini nikianza kuhesabu majibu yasiyorudiwa, kesho kila mtu ataniambia alimaanisha kitu."

Naye alikuwa sawa. Ndo shida ya dunia, kila mtu yuko sawa halafu mjomba wako anafukuzwa.

Akamwombea mjomba kipimo cha pili. Afisa akakubali kwa sharti kwamba ni maneno yale yale kumi, wenzake wasije wakasema kuna upendeleo. Hilo nalo lilikuwa haki, nalichukia lakini lilikuwa haki.

Asubuhi ya kipimo tukatembea na mjomba kutoka nyumbani. Njia nzima mie ndo mwalimu.

"Mjomba, usijibu kitu. Usiitike. Akisema chochote, wewe rudia. Chochote. Neno kwa neno. Adabu tuiache nje getini, tutaikuta tukitoka."

Yeye anatembea tu, macho mbele. Nilidhani hanisikii, nikakumbuka tatizo lake si hilo.

Tukafika. Foleni ipo nje. Afisa yuko pembeni na saa yake, karibu kabisa na Sista. Mkude pia alikuwepo, amekuja kubeba robota. Mie nikashika nafasi yangu mlangoni.

Sista alipomwona mjomba anaingia, akainamisha kichwa kama binti yeyote aliyelelewa.

"Shikamoo, mzee."

Mjomba akasimama wima. Akaiweka kofia yake sawa.

"Shikamoo, mzee," akasema.

Sista akadondosha kadibodi. "Jamani! Mzee, usinifanyie hivyo!"

"Jamani! Mzee, usinifanyie hivyo!"

"Mtihani bado haujaanza."

"Mtihani bado haujaanza."

Foleni nje ikaanza kucheka. Mie natamani sakafu inimeze, maana ni mie niliyemfundisha. Namwashiria kwa mkono, mjomba, ngoja. Hanitazami. Uso wake mkavu, jasho linamtoka chini ya kofia. Mpaka leo sijui kama alikuwa anatukomoa au alikuwa ameogopa kweli na ameshika nilichomwambia kama mtu anavyoshika kamba kisimani. Nimeandika yote mawili kwenye kumbukumbu zangu, kuna siku naamini hivi, kuna siku vile.

Afisa akasema, "Huyu mzee kachanganyikiwa?"

"Huyu mzee kachanganyikiwa?" akasema mjomba, tena akimtazama Afisa.

Kicheko kikawa kikubwa. Sista akageukia ukutani kuokota kadibodi yake, mgongo kwetu, na akasema kitu chini chini, mwenyewe na Mungu wake. Mie mlangoni sikukisikia. Niliona tu mabega yameshuka.

Mjomba akakisikia.

Akakirudia, kwa sauti ya kutangaza kikao cha nyumba kumi, polepole, neno kwa neno:

"Mungu wangu nisamehe. Hiki kipimo tumekikata mpaka hakipimi kitu."

Kicheko kikakatika, kama umeme.

Afisa akageuka huku na huku. "Nani kasema hivyo?"

Alikuwa amesimama hatua chache kutoka kwa Sista, wakuu. Mjomba alikuwa ng'ambo ya chumba.

Sista akageuka. Macho yamejaa, lakini sauti ilikuwa ile ya kanisani. "Nimesema mimi, Ndugu Afisa. Nilinong'ona. Wewe hukusikia?"

Afisa akashika sikio lake la kushoto, taratibu, kama mtu anayepapasa mfuko akagundua kitu hakimo. Nimewaambia alikuwa mfumaji zamani. Hakuziba pamba. Alikuwa mmoja wa waliomcheka mjomba kwa pamba yake.

Akaitia saa yake mfukoni.

Mwisho akasema, "Mwandikie Ndugu Bakari kwamba anasikia." Halafu akaongeza, kwa sauti ndogo, "Anasikia kuliko inavyotakiwa."

Mjomba akarudia na hiyo. Ikabidi nimshike mkono nimtoe nje.

Baada ya hapo utaratibu ukabadilishwa, na aliyeubadilisha si mjomba wala mie, ni Sista kwa kichwa chake. Kumi hakuyafuta. Alisema hamsini kwa kila mtu ni kuumizana, na hilo halijabadilika. Ila akatoa salamu zote na ule uhuru, akaweka vitu ambavyo mtu hana haja ya kuvijibu: kisu, mkeka, punda, kikapu. Mpangilio akawa anauchanganya kila mtu anapoingia. Ukiyapata yote, nenda zako. Ukikosa machache, hukatwi kichwa, unaendelea na mengine mpaka ijulikane umekosa kwa sikio au kwa bahati mbaya.

Mtu wa kwanza kupimwa kwa utaratibu mpya alikuwa Afisa Utumishi mwenyewe, kwa kujitolea. Matokeo siyajui. Mlango ulifungwa na mie nikaambiwa nikafagie.

Ningependa kuishia hapo, uzi umekaa vizuri. Lakini nimeahidi ukweli.

Maneno yalipochanganywa, Mkude akaitwa tena. Kadibodi ikatikisika, akasema, "Maji!" Sista alikuwa amesema punda. Ikatikisika, "Jembe!" Nilisimama pale mlangoni nikamsikiliza akiita mbuzi wake wote kumi, na hakuna hata mmoja aliyekuja.

Kwa hiyo haki ya mjomba ndo iliyomtoa Mkude kwenye mashine. Sipepesi macho. Hawakumpumzisha, Sista na Afisa walimtetea, akahamishiwa kitengo cha kukunja vitambaa ambako hakuna toroli. Lakini kitengo kile kilihesabiwa cha kina mama, na wanaume walimsema. Alininunia muda mrefu. Halafu siku moja akaja kukaa karibu yangu kantini, akanipigia kelele sikioni, kama vile kiziwi ni mie:

"Kule ndani shingo yangu ilikuwa inazunguka kama feni! Zamu nzima natazama nyuma! Sasa nalala!"

Sijui kama alikuwa amenisamehe au alikuwa ananitaarifu. Nimechukua kwamba vyote.

Mjomba alibaki na mashine zake mpaka kustaafu. Bi Zuhura aliendelea kudai kuni na yeye aliendelea kutosikia, kwa hiyo labda kipimo cha kwanza nacho kilikuwa na ukweli wake.

Sasa turudi kwenye aibu ya binti yangu.

Wiki iliyopita hiyo, tumekaa nje ya chumba cha kupimia. Kizuri, kiyoyozi, mlango mzito kama wa benki. Nilikuwa nimeogopa, sitawadanganya. Kichwani nikawa najisemea maneno ya zamani: usijibu, rudia, neno kwa neno.

Mlango ukafunguka. Akatoka kijana mtanashati, koti jeupe, akainama.

"Shikamoo, mzee."

Nami nikasimama wima nikasema, "Shikamoo, mzee."

Binti yangu akajifunika uso na mkoba.

Kijana wa watu akaduwaa, akanipeleka ndani, akanivika vile vya kuziba masikio. Nikarudia maneno yake kumi, upande mmoja, na kumi upande wa pili. Akavua. Nikamwuliza, "Ndo basi?" Akasema ndo basi, mzee, umeyapata, kilichopungua ni zile sauti nyembamba tu, tutazungumza.

Nikamwuliza, "Na ningeyakosa?"

Akasema, "Tungeendelea na mengine mpaka tuwe na uhakika. Hatukati hukumu kwa machache yenye makosa."

Nikamtazama. Mtoto mdogo, hajui hata unga wa njano ulikuwa na ladha gani.

Nikamwambia, "Marahaba, mwanangu. Marahaba sana."

Akadhani nimechelewa kusikia. Sikumsahihisha.

Funzo nililobaki nalo, kwa darasa langu la saba: kufupisha si dhambi. Anayefupisha ajue tu kwamba kila kinachobaki kinakuwa kizito, na achague kwa makini nini abakize, maana kuna mtu ugali wake utaning'inia hapo. Naweza kuwa nimekosea. Kuna wataalamu humu, wauguzi, watu wa viwandani, waliowahi kupimwa wakaandikwa wasivyo. Nirekebisheni, na yenu nayo leteni.

Nimepiga hodi tangu mstari wa kwanza, wakuu. Atakayenirudishia hodi badala ya kunikaribisha, huyo masikio yake nishayajua.